Nyuma ya Tuta

Kiwanja namba kumi na saba. Umeme hakuna.
Bomba moja la maji, baridi kama salamu ya mdai,
choo cha mbao ambacho mlango wake
unafungwa kwa kamba ya kiatu,
na tuta la mchanga, refu kuliko hema letu,
limesimama kati yetu na Atlantiki
kama bawabu aliyekataa hongo.

Kijijini, karibu na gati, kuna hoteli, nilimwambia baba.
Vitanda. Kiyoyozi. Chai hadi saa nne asubuhi.
Yeye akaendelea kuhesabu vigingi,
vile virefu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole,
maana mchanga, alisema, haushiki ahadi fupi.

Elwood Tillett, miaka themanini na moja.
Thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza
tumboni mwa feri za Carolina, akizibembeleza injini,
nazo injini zikamla masikio
polepole, kama panya na sabuni.

Zamani tulilala wanne hapa:
mama mlangoni, kwa ajili ya upepo,
Roscoe na mimi katikati, tukigombea tochi.
Bahari hatukuiona usiku. Tuliisikia tu
nyuma ya tuta, kama wakubwa
wanaozungumza chumba cha pili:
sauti unaipata, maneno huyapati,
na unalala kwa sababu kuna mtu bado yuko macho.

Jioni alikuja mlinzi wa hifadhi, kijana,
kofia yake mpya, shingo imeungua jua.
Msikanyage tuta, alisema. Yale majani marefu
ndiyo yanayolishikilia; mizizi ikifa, kisiwa kinahama.
Baba akaitikia kwa kichwa, mara tatu, kwa heshima,
jinsi anavyoitikia asichokisikia.
"Kasema nini?"
"Kasema usiku mwema."
"Maneno mengi kwa usiku mwema."

Tukala maharage ya kopo, yameungua upande mmoja,
na mchanga, kiungo ambacho hakuna aliyekiomba.
Mbu walitoka kwenye kinamasi kwa zamu.
Kaa mweupe akaja hadi ukingoni mwa mwanga,
akatutazama kwa macho yake ya vijiti,
akaona hatuna maana, akaenda zake.

Saa tatu baba alivua masikio yake,
akayafungia kwenye kopo la peremende.
Godoro la upepo alilisukuma upande wangu.
Akalala chali juu ya turubai, chini yake mchanga mtupu.
Nikazima taa.

"Corinne!"
Kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.
Hema la jirani likawaka tochi.
"Bado ipo?"

Gizani hawezi kusoma midomo yangu.
Nikautafuta mkono wake, nikaukunjua kiganja,
na wimbi lilipovunjika kule ng'ambo
nikaliburuta kwa kidole toka kifundo hadi vidoleni,
nikatulia,
kisha nikalirudisha taratibu, na changarawe zake.
Moja. Jingine. Lile kubwa, kwa vidole vitano.
Hakusema kitu. Alipumua tu.

Sijui niliendelea muda gani.
Fikira ziliniponyoka: bei ya feri,
Roscoe ambaye hakujibu ujumbe,
ile hoteli, shuka zake zilizopigwa pasi.

"Hilo umeliruka," alisema baba.

Nikakaa kimya na kidole changu hewani.
Likaja jingine, nami sikuligusa kiganjani, kusudi.
"Na hilo."

Nikafungua kizibo cha godoro.
Likashuka kwa mluzi mrefu, na mimi juu yake,
hadi mgongo wangu ukafika chini.
Baridi. Mzizi mmoja chini ya bega.
Nikangoja.